Je, wajua kwa nini tuzo za waandishi wa chesi hazikosi maneno?

Tukisikia mtu ni "mwandishi wa chesi aliyeshinda tuzo" wengi wetu tunampa heshima yake na hatuulizi zaidi. Leo nataka tuulize. Chesi (watu wa pwani wanaiita sataranji, ni mchezo ule ule) naipenda sana na waandishi wake ndo wamenifundisha sehemu kubwa ya ninachokijua, kwa hiyo tuzo zao zikiwa na walakini inaniuma kweli.

Tuanzie Marekani. Kuna chama kinaitwa Chess Journalists of America, CJA kwa kifupi, kiko tangu miaka ya 1970 na kila mwaka kinatoa tuzo, matokeo hutangazwa kipindi cha mashindano ya chesi ya US Open. Makundi ni mengi, kuna safu bora, uchambuzi wa mechi, mahojiano, picha, podikasti, jarida bora la jimbo, mpaka mwandishi bora wa mwaka mwenyewe. Sasa sikiliza utaratibu wake, majaji hawazunguki kutafuta kazi nzuri, kazi inapelekwa kwao, yaani wewe mwenyewe au mhariri wako mnaiwasilisha na mnalipa ada kidogo kwa kila kazi.

Ada yenyewe sina ugomvi nayo, chama cha watu wa kujitolea kitajiendeshaje bila hela? Shida ni kwamba anayeshinda ni bora kati ya waliojipeleka, basi. Yule aliyeandika makala nzuri kuliko zote halafu hakujua kama kuna fomu, au aliona aibu kujisifia, hayumo kabisa. Na makundi yakishakuwa mengi, kazi zinagawanyika. Kundi likipata kazi tatu tu, mshindi kawashinda wawili, lakini cheti hakiandikwi hivyo, kinaandikwa "bora".

Halafu njoo kwa majaji, hapa ndo penye kazi. Jaji wa uandishi wa chesi anatakiwa aijue chesi vizuri, ajue na kuandika, halafu akubali kusoma rundo la kazi za watu bila malipo. Watu wa aina hiyo ni wachache hata kwenye nchi kubwa kama Marekani na wote wanajuana, huyu alikuwa mshindani mwaka juzi, yule ni mhariri ambaye kesho ndo utamwomba akuchapishie makala, mwingine mmecheza naye mashindano tangu utotoni. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na hapa wala haihitaji mtu awe na roho mbaya, ukimzoea mtu uandishi wake unauona mtamu tu.

Utasema si wafiche majina? Haiwezekani. Kazi imeshachapishwa na jaji alishaisoma kwenye jarida la Chess Life miezi kadhaa iliyopita, akiona aya ya kwanza tu anajua ni ya nani. Na hiyo Chess Life yenyewe ni jarida la shirikisho, US Chess, lina wahariri wa kuajiriwa na wapiga picha, ndo maana majina ya watu wake yanajirudia kwenye orodha za washindi. Jarida dogo la jimbo mara nyingi linahaririwa na mtu mmoja anayekaa kwenye kompyuta usiku akishatoka kazini kwake. Kuwapima hao wawili kwa mizani moja mimi naona si haki, na kuwepo kwa kundi la majarida ya majimbo ni jambo la maana kabisa.

Kuna kitu kingine ambacho ni cha chesi peke yake. Uandishi wa chesi unaweza kuhakikiwa! Mwandishi wa siasa akikosea tafsiri mtabishana mpaka uzee, ila mchambuzi wa chesi akisema "hapa nyeusi imepoteza", ubao upo, kete zipo, siku moja itajulikana kama kasema kweli. Chukua Reykjavik, tarehe 11 Julai 1972, mechi ya kwanza ya Bobby Fischer wa Marekani na Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti wakigombea ubingwa wa dunia. Mechi imetulia, watu wanasubiri sare, ghafla Fischer anapeleka askofu wake mpaka nyumba ya h2 anakula askari wa pembeni, Spassky anasogeza askari mmoja hatua moja mpaka nyumba ya g3, na askofu amefungiwa huko huko. Fischer akapoteza. Dunia nzima ikaandika kwamba lile ndo kosa lililomuua, lakini wachambuzi walioendelea kuichimba mechi ile wakaja kuonyesha kuwa hata baada ya hapo alikuwa bado ana njia ya kupata sare.

Jiulize, kama mwaka ule ungekuwa jaji ungempa nani? Ungempa aliyeandika kwa mbwembwe nyingi kuhusu kosa la karne, na ukweli ungekuja baadaye tuzo ikiwa imeshatundikwa ukutani. Siku hizi Stockfish, programu ya kompyuta ya kuchambua chesi, inakwambia ukweli kwa sekunde, lakini imeleta ugonjwa wake, unafungua uchambuzi unakuta mistari ya hatua 12 imebandikwa kama ilivyotoka kwenye programu na namba pembeni, hakuna sentensi hata moja ya kukueleza kwa nini farasi arudi nyuma. Sahihi, ndiyo, ila haumfundishi mtu, na jaji mwenye haraka anaweza kudhani ni uchambuzi wa kina.

Linganisha na Chess Oscar. Hii waandishi walikuwa wanawapa wachezaji, ilianza 1967 chini ya chama cha waandishi wa chesi kilichoongozwa na Mhispania Jordi Puig na ikaenda kwa Bent Larsen. Mwaka 1978 Karpov wa Umoja wa Kisovyeti alimshinda Korchnoi wakigombea ubingwa wa dunia kule Baguio, Ufilipino, ushindi 6 kwa 5 na sare 21, na Korchnoi alikuwa ameukimbia Umoja huo mwaka 1976. Oscar ikaenda kwa nani? Kwa Korchnoi, aliyeshindwa. Huruma, siasa au uwezo, kila mtu ana lake. Ila ilipofufuliwa mwaka 1995 ikiendeshwa na 64, jarida la Urusi, Anand wa India aliichukua mara 6 na Carlsen wa Norway mara 5 mfululizo kuanzia 2009 mpaka 2013. Wenye ngoma walivutia kwa wageni, na hapo mimi nawapa heshima. Lakini walirahisishiwa, mchezaji ana matokeo yake mezani kila mtu anayaona, mwandishi hana.

Kwa hiyo kama hakuna matokeo, kinachobaki ni uwazi. Waingereza wana tuzo ya kitabu bora cha chesi cha mwaka, majaji ni wachache tu lakini wanatoa orodha fupi na kueleza kwa maandishi kwa nini wamechagua walichochagua, unaweza kukataa lakini unajua unakataa nini. Mimi ningependa kila tuzo ya hivi iseme pia kazi ngapi zilipelekwa kila kundi, nani alihukumu, na nani alijitoa kwa sababu mshindani ni rafiki yake. Ni mistari michache tu na haihitaji hela.

Na bado kuna walio nje ya mlango kabisa. Habari iliyoifanya dunia imjue Phiona Mutesi, binti mcheza chesi wa Katwe kule Kampala, haikutoka kwenye jarida la chesi. Iliandikwa mwaka 2011 na Tim Crothers, mwandishi wa michezo wa kawaida, kwenye jarida la ESPN, ikawa kitabu mwaka 2012 na filamu mwaka 2016. Ubao ulikuwepo Katwe miaka kabla ya hapo, watoto wanacheza, kocha wao anawapikia uji, na mtu wa Kampala ambaye angeandika habari ile kwa Kiganda au Kiswahili asingepata hata kundi la kuipeleka.