Samaki Wananenepa, Mayai Yanakufa: Kemikali Sugu na Uzazi wa Samaki

Maji yakishukiwa kuwa na sumu, watu hutafuta samaki waliokufa. Kwa kemikali sugu, yaani zisizooza kirahisi, kama PCB (kemikali za viwandani zilizotumika kwenye transfoma), dioksini (mazao machafu ya uchomaji na viwanda) na DDT (dawa ya kuua wadudu), kipimo hicho hakifai kitu. Samaki aliyekomaa huzibeba mwilini kwa miaka huku akila na kunenepa, na ukimpasua huenda usione kasoro yoyote.

Chanzo ni mafuta ya mwilini mwa samaki. Molekuli nyingi za PCB hupenda mafuta kuliko maji kwa takriban mara laki moja hadi milioni 10, na mwili huzivunja kwa shida. Jike anapotengeneza mayai, mafuta yake huhamia kwenye kiini, na sehemu ya kemikali hizo huhama nayo. Kifaranga wa samaki akishaanguliwa huishi kwa kunyonya kiini hicho, kwa hiyo hupokea dozi yake wakati moyo na mishipa ya damu bado inaundwa. Dioksini hunasa kwenye kipokezi (protini ya seli inayopokea ishara) kiitwacho AhR na kuvuruga ujenzi huo: majimaji huvuja, mfuko wa kiini huvimba na kugeuka rangi ya samawati, taya hupinda, na kifaranga hufa kabla ya kuanza kujilisha. Kwa trauti wa ziwa, takriban pikogramu 65 za dioksini kali zaidi, TCDD, katika kila gramu ya yai huua nusu ya vifaranga. Pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Ziwa Ontario, Amerika Kaskazini, lilipoteza trauti wake pia kwa uvuvi uliopindukia na kwa lamprei, samaki anayefyonza damu ya wenzake, lakini sumu ya aina hii peke yake ilitosha kuzuia vifaranga kukua kwa miongo kadhaa.

Njia ya pili ni homoni. Vitelojenini, protini ya kutengenezea kiini, hutoka kwenye ini la jike kwa amri ya estrojeni, homoni ya kike. Dume ana jeni hiyo pia, ila imelala. Ukiikuta protini hiyo kwa wingi kwenye damu ya dume, kuna kitu majini kinachoiga estrojeni. Baadhi ya aina za DDT hufanya hivyo.

Kipimo cha vitelojenini huharibika kirahisi. Vuta damu kwenye mshipa wa mkiani kwa sindano yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), ongeza palepale aprotinini, inayozuia vimeng'enya vya kukata protini, weka kwenye barafu, tenga plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, kwa mashine ya kuzungusha, kisha igandishe kwenye nyuzi −80 za Selsiasi. Ukiruka aprotinini, vimeng'enya huikatakata protini na utapata jibu la uongo kwamba dume ni mzima. Plazima ikiyeyuka na kugandishwa tena, itupe.

Wachunguzi wengi huishia kwenye uwiano wa tezi za uzazi (korodani au ovari): uzito wa tezi gawanya kwa uzito wa mwili, mara 100. Samaki wa gramu 250 mwenye tezi za gramu 10 ana 4. Ni rahisi, na kwa maoni yangu unaaminiwa kupita kiasi, kwa sababu hupanda na kushuka kwa msimu. Kulinganisha samaki anayekaribia kutaga na aliyekwisha kutaga ni kupoteza muda. Kata tezi uzitazame kwa hadubini. Vijiyai ndani ya korodani havionekani kwenye mizani.

Kosa jingine ni kugawa kila kiwango cha kemikali kwa kiasi cha mafuta mwilini mwa samaki. Kwa PCB ni sahihi. Kwa PFOS, kemikali nyingine sugu ya viwandani, si sahihi, maana hiyo hushikamana na protini za damu na ini.

Tabia nayo hubadilika. Gapi (samaki wadogo wa mapambo) dume waliolishwa DDE, zao la DDT, walififia rangi ya chungwa, wakapunguza kutongoza, na mbegu zao zikapungua. Dume wa hivyo yuko hai, lakini majike humpita. Ukipima tabia, rekodi kwa video saa ileile na joto lilelile, waache samaki wazoee tangi kwanza, na anayehesabu asijue tangi lipi lina kemikali.

Angalia pia wale wasiodhurika. Katika bandari ya New Bedford, Massachusetts, samaki wadogo aina ya Fundulus heteroclitus wamerithi njia ya AhR isiyoitikia sana, wanazaliana ndani ya PCB, na bado wanaipitisha kwa anayewala. Mahali kama hapo, ukipima sumu tumia mayai ya samaki waliotoka kwenye maji safi, na upime kemikali yenyewe kwenye minofu na matope.