Zawadi Haishindaniwi

Tulikuwa uani kwa wifi yangu, Kikwajuni, tunamenya vitunguu vya pilau ya harusi, kila mtu machozi yanamtoka, mmoja wetu akauliza: "Ehe, na lile shindano lenu la kubadilishana hadithi, mwaka huu nani kashinda?"

Hakuna aliyeshinda. Si shindano. Na hata hilo "kubadilishana" nina neno nalo. Lakini somo halitolewi na kisu mkononi, nikasema tu kuwa mwaka huu zilikuwa nzuri, nikaendelea kumenya. Hii ni mara ya tatu tangu Ramadhani kuulizwa hivyo, basi leo nimekaa kitako.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Hadithi ya shabiki ni hadithi anayoiandika msomaji akitumia wahusika wa mtu mwengine, kwa mapenzi, bila ya kuiuza. Mashabiki wakitaka kuandikiana hadithi za zawadi, wanajiandikisha. Kila mmoja anataja anachotamani kusoma na anachoweza kuandika. Msimamizi, au kompyuta kundi likiwa kubwa, anampangia kila mtu wa kumwandikia. Hadithi zinaandikwa kwa siri, siku ikifika zinafunguliwa zote pamoja, na majina ya waandishi yanabaki yamefichwa kwa muda kabla ya kutolewa. Kundi linalojulikana zaidi duniani ni Yuletide, lililoanza 2003 kwa ajili ya wahusika ambao mashabiki hawaandiki sana habari zao. Hadithi isipungue maneno 1000, zinafunguliwa 25 Disemba, majina yanatoka 1 Januari. La kwetu ni watu tisa wa WhatsApp, wanne Unguja na watano Pemba, na tunafungua usiku wa Idi pili. Mambo ni yale yale.

Sasa tuje kwenye neno, maana huko ndiko kwenye ugonjwa.

Yule bibi wa vitunguu simlaumu peke yake. Neno zawadi tumelibebesha mizigo miwili. Mtoto skuli akiwa wa kwanza anaitwa mbele, anapewa madaftari na boksi la kalamu, watu wanapiga makofi, na mwalimu anasema hiyo ni zawadi. Redioni ni hivyo hivyo, zawadi ya mshindi wa kwanza, zawadi ya mshindi wa pili. Mtoto anakua akijua kuwa zawadi huipati mpaka uwapite wenzako. Kisha mtoto huyo huyo anaambiwa kuna watu wanapeana hadithi kwa zawadi, unadhani atauliza nini?

Neno lenyewe tumelitoa kwa Waarabu, na shina lake linahusu masurufu ya msafiri: tende, mkate, maji, kile anachofungiwa kwenye furushi kabla hajatoka. Sie watu wa pwani tukaligeuza uso. Badala ya kile anachoondoka nacho mtu, likawa hasa kile anachorudi nacho. Mtu kenda Pemba, anashuka bandarini Malindi na pakacha la machungwa mkononi, hiyo ndiyo zawadi. Mwengine karudi Makka na chupa ya zamzam, na tende, na msala wa kuswalia wa shangazi yake, hiyo ndiyo zawadi. Watoto wanaomkimbilia mlangoni na "umetuleteani?" hawakushinda chochote. Walikaa nyumbani wakicheza.

Na machungwa Darajani yamejaa tele. Mtu haletewi chungwa la Pemba kwa kuwa machungwa hayapatikani Unguja. Utamu wake ni kuwa mwenzako alikuwa mbali, ana shughuli zake, na ukamjia moyoni. Akasimama mbele ya fungu akasema yule hapendi machachu, ngoja nimchagulie. Umefikiriwa na wewe hupo. Hilo ndilo analolifurahia msomaji wa hadithi ya kupelekewa, hata hadithi yenyewe ikiwa ya wastani.

Kitu cha mshindi kina jina lake, nalo ni tunzo. Wengine wanasema tuzo, sawa. Sie bado tunasema kutunza. Nenda kwenye taarab uangalie. Mwimbaji akifika pale penye maneno, mwanamke ananyanyuka kitini, anakwenda mbele kwa madaha, noti kaikunja baina ya vidole, anampa, anarudi kwa mwendo ule ule. Kamtunza. (Mara nyengine si kwa uzuri wa sauti, ni kwa kuwa maneno yamemfika mtu fulani aliyekaa safu ya tatu. Hayo ni mengine.) Tunzo inakuja baada ya kazi, na kwa sababu ya kazi. Mwimbaji akiharibu, anarudi kwao na jasho lake. Zawadi haimngoji mtu aimbe.

Sina ugomvi na tunzo. Bwana Msa wetu, mpelelezi na kiko chake, kwa mlango huo ndiko alikotuingilia majumbani: riwaya yake ya kwanza, ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Yale yalikuwa mashindano kweli. Kulikuwa na waamuzi, na kulikuwa na walioachwa. Na ile Archive of Our Own, maktaba ya mtandaoni inayoweka hadithi za mashabiki, zikiwemo za Yuletide, ilipata tunzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi na za njozi, 2019. Haikupita muda, waandishi waliowahi kuweka hadithi mle wakaanza, wengi kwa mzaha, kujitangaza kuwa na wao ni washindi wa Hugo; wenye Hugo wakatoka kukana, kuwa iliyotunzwa ni maktaba, si kila aliyeweka chake ndani. Tunzo ndivyo ilivyo, haiishi mpaka ijulikane nani kashinda. Kwa hivyo swali la yule bibi ni swali zuri, ila kabisha nyumba siyo.

La pili ni hilo "kubadilishana". Ukiniambia umebadilishana kanga na jirani yako, naelewa kuwa yako iko kwake na yake iko kwako. Ndiyo kazi ya hiyo -an- pale mwisho. Kwetu haiko hivyo. Mwaka huu mimi nilimwandikia mtu wa Wete, yeye kamwandikia mtu wa Mwera, na aliyeniandikia mimi nilikuwa simjui hata kwa kumdhania. Aliyekuandikia humdai, wala yeye hakudai. Mtu akishaona ni nipe nikupe, anaanza kupima. Tulikuwa na mmoja wa namna hiyo: kaandika maneno elfu tatu, kaletewa elfu moja na mia mbili, basi akatuletea hesabu kundini, na tofauti kaitoa mwenyewe. Mwaka uliofuata hakujiandikisha, na simkumbuki mtu aliyembembeleza.

Ndiyo maana mimi nasema kupelekeana. Najua, na lenyewe lina -an- yake, msinijie juu. Lakini lisikilize linavyosemwa Ramadhani. Magharibi inakaribia, mtoto anavuka njia na bakuli lililofunikwa kawa, anatembea kwa hadhari mchuzi usimwagike, anafika mlangoni: "Mama kasema tukuleteeni." Limetoka nyumba ya kushoto, la kwako wewe limekwenda nyumba ya kulia, au nyumba ya nyuma kwa yule bi mkubwa anayekaa peke yake na siku hizi hawezi kukuna nazi. Bakuli halirudi tupu, ndiyo, lakini linarudi kwa wakati wake, pengine siku ya tatu, pengine na kitu kisichofanana kabisa na ulichopeleka. Mtaa mzima unafuturu na hakuna daftari. Mpishi mmoja akiumwa, mwengine anazidisha chungu. Kwenye hadithi kuna hilo pia: aliyejiandikisha akishindwa kumaliza, wito unatolewa, na mtu wa akiba, kama wa mpira, anaingia kuandika kwa siku chache zilizobaki ili asitokee mtu akakosa.

Na kama wewe si mmoja wa waliojiandikisha? Unasoma vile vile, zikishafunguliwa ni za kila mtu. Lakini ni kama harufu ya mchuzi wa jirani. Unaifurahia, na unajua kuwa bakuli si lako.

Lililo lako linaanzia kwenye barua, na barua hii watu wengi hawaijui. Ukijiandikisha unaandika kwa mtu usiyemjua: napenda hiki, hiki usiniwekee. Sehemu ya usiniwekee ni muhimu kuliko ile ya kwanza, kama vile mgeni anavyosema mapema kuwa pweza hali. Barua yangu ya mwaka huu ilikuwa fupi. Niliomba Bwana Msa na rafiki yake Najum. Nikaandika: Najum siku moja aachwe peke yake. Bwana Msa awe na homa, alale. Asife mtu. Mapenzi yasiwemo. Iwepo mvua.

Usiku wa Idi pili nikafungua simu nimesimama jikoni, maziwa yako motoni. Mvua ilikuwepo, ya masika, inagonga bati. Najum kakaa mezani na kesi ya kuku walioibiwa, na kile kiko cha Bwana Msa kimelala ukingoni mwa kisahani, kimepoa. Najum anakitazama. Anakichukua. Anakitia mdomoni, hakina moto, anajaribu tu kufikiri kwa njia hiyo. Mara kikohozi kinatoka chumbani. Anakitoa haraka, anakifuta kwa ncha ya shati, anakirudisha kisahanini, kisha anakigeuza kidogo ili kielekee kule kule kilikokuwa kikielekea mwanzo.

Maziwa yalifurika, na kuku ni nani aliyewaiba nimeshasahau. Lakini ule mkono unaokigeuza kiko naweza kukuchorea. Barua yangu haikutaja kiko. Haikusema kuwa ninachokitaka si Najum afumbue kesi, ni Najum aone haya kukaa kwenye nafasi ya mwenzake. Mimi mwenyewe sikujua kuwa ndicho nilichokitaka. Mtu aliisoma mistari yangu mitano, akakaa nayo Ramadhani nzima, akakiona.

Halafu kuna siku zile za majina kufichwa, ambazo nazipenda karibu sawa na hadithi. Kila unayekutana naye wa kundini unamtazama mara mbili. Mimi nilishaamua ni fulani wa Chake Chake kwa kuwa anapenda nukta mkato, na hadithi ilikuwa nazo nyingi; nikawa namjibu kundini kwa upole usio wa kawaida yangu, mpaka nahisi akashangaa. Majina yalipotoka, kumbe ni kijana wa miaka kumi na tisa ambaye sijapata kumsikia akisema maneno matano mfululizo. Nukta mkato kaziiga kwa yule yule wa Chake, makusudi, ili tupotee.

Kwenye shindano jina linafichwa ili mwamuzi asipendelee. Kwetu linafichwa ili ukipokee kitu kwanza, kabla hujaanza kufikiri utamlipaje aliyekileta.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, anasoma Dar es Salaam, alijiunga na kundi moja kubwa la huko mtandaoni. Asubuhi ya kufunguliwa nikapata ujumbe wake, herufi kubwa tupu: SHANGAZI NIMESHINDA HADITHI MBILI.

Nikamwandikia: "Umepelekewa, baba. Moja ni ile uliyopangiwa. Ya pili mtu kakuongezea, kapenda tu."

"Nani?"

"Hajulikani mpaka majina yatoke."

Akakaa kimya kidogo, kisha: "Sasa nimshukuru nani?"

"Andika asante chini ya hadithi," nikamwambia. "Mwenyewe ataisoma."