Madaraja ya anwani za IP: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, katika toleo la nne ni biti 32 (tarakimu za 0 au 1) zinazoandikwa kama namba nne zenye nukta katikati, kila moja kati ya 0 na 255. Hilo halina ubishi. Ubishi huanza tukifika kwenye madaraja, yale makundi ya A hadi E ambamo anwani hizo ziligawanywa.

"Namba ya kwanza inakuonyesha ukubwa wa mtandao."

Ilikuwa hivyo kuanzia 1981. Mtandao wa daraja A (1 hadi 126) ulibeba mashine zaidi ya milioni 16, wa B (128 hadi 191) mashine 65,534, wa C (192 hadi 223) mashine 254. Matokeo yake yalikuwa hasara tupu: kampuni yenye mashine 1,000 haikuenea kwenye C, ikapewa B nzima, na anwani zaidi ya 64,000 zikakaa bure. Mwaka 1993 ukaja utaratibu wa CIDR, wa kugawa anwani bila kufuata madaraja, na tangu hapo ukubwa hutajwa na namba iliyo baada ya alama ya mkwaju (/), inayoonyesha biti ngapi ni za mtandao. Anwani zinazoanza na 41 kwa hesabu ya zamani ni daraja A, mali ya mtandao mmoja. Leo AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP barani Afrika, lenye makao Mauritius, limezigawa vipande vipande kwa watoa huduma wa nchi nyingi za Afrika. Inaniuma kuona wanafunzi bado wanakaririshwa jedwali lile la madaraja kana kwamba ruta za leo, vifaa vinavyoelekeza data kati ya mitandao, zinalifuata.

"192.168 ni daraja C, kwa hiyo mwisho ni vifaa 254."

Inategemea umekataje. Chukua 192.168.10.70/26. Biti 26 ni za mtandao, zimebaki 6, yaani anwani 64 kwa kila kipande. Vipande vinaanzia 0, 64, 128 na 192, hivyo 70 imo katika kile cha 64 hadi 127. Ya 64 ni ya mtandao wenyewe, ya 127 ni ya kutangazia wote, vifaa vinagawana 62 zilizobaki. Sasa panua: 192.168.0.0/23 inabeba vifaa 510, na humo 192.168.0.255 ni anwani halali kabisa, unaweza kuipa printa.

"D na E ni za mitandao midogo zaidi."

Hapana. D ni ya kutuma ujumbe mmoja kwa kundi la wapokeaji. E imehifadhiwa tu.

"Kila anwani inayoanza na 172 ni ya mtandao wa ndani, haitumiki kwenye intaneti."

Za ndani ni 172.16 hadi 172.31 peke yake. Ukiipa ofisi yako 172.50, umetumia anwani za hadharani zisizo zako. Mtumishi akitaka kufungua tovuti iliyoko huko, ruta itamtafutia humo humo ofisini, na tovuti haitafunguka.