Amplifaya ya pembeni haiungwi kwenye matundu ya spika

Wapo wanaoamini kwamba amplifaya ya pembeni, yaani kikuza sauti cha ziada, hupata nguvu zaidi ikiungwa kwenye matundu ya spika ya risiva ya sinema ya nyumbani (kifaa kinachopokea sauti na kuendesha spika), imani ambayo si sahihi na inaweza kuunguza vifaa. Matundu hayo hutoa umeme uliokwisha kukuzwa, kwani wati 100 kwenye spika ya omu 8 ni takriban volti 28, ilhali tundu la RCA (tundu dogo la duara la waya wa sauti) la kuingizia sauti kwenye amplifaya hutarajia volti 1 au 2 tu. Mahali sahihi ni matundu yaliyoandikwa PRE OUT, ambako sauti hutoka kabla ya kukuzwa, lakini kiwango chake bado hupandishwa na kushushwa kwenye risiva. Risiva isiyo nayo, na nyingi za bei nafuu hazina, huhitaji kifaa cha kupunguza volti kati ya matundu ya spika na amplifaya.