Mbuna hawana ndoa, acheni kununua wawili wawili

Mwezi huu peke yake nimeshaambiwa mara tatu, "Fundi, niletee samaki wawili wawili, dume na jike, kama safina ya Nuhu, nataka tangi la amani." Nikikataa mtu anaona nataka tu kumuuzia samaki wengi. Sasa ngoja niliandike hili lote mara moja maana nimechoka kuokota samaki waliokufa kwenye matangi ya watu.

Mbuna, yani wale sikilidi (jamii ya samaki wa maji baridi) wanaoishi kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, hawaishi kama njiwa. Kule ziwani, iwe Mbamba Bay au upande wa Malawi, dume anashika jiwe lake na analilinda, majike wanapita, anayetaka anataga hapo, anabeba mayai mdomoni anaondoka zake. Hakuna mume na mke pale. Jike akishaondoka dume anamtafuta mwingine, na yule aliyeondoka ana ziwa zima la kujificha. Sasa we unawachukua hao wawili unawafungia kwenye kioo cha sentimita 80, dume anataka kuzalisha asubuhi mpaka jioni, na jike wa kumfukuza ni huyo huyo mmoja, hana pa kwenda. Unadhani nini kitatokea?

Nilienda kwa dada mmoja wiki mbili zilizopita, alinunua kenyi wawili, hiyo ni aina ya mbuna, wa njano na wa bluu, alipoambiwa ni jozi akafurahi. Kenyi wote wakiwa wadogo ni bluu yenye mistari, dume ndo anageuka njano akikua, jike anabaki bluu, kwa hiyo jozi kweli ilikuwa jozi. Nimefika nikakuta yule wa bluu amejibana kwenye kona ya juu kabisa nyuma ya hita, kichwa kimeelekea juu, mapezi yamechanika yamebaki nyuzinyuzi tu, na ubavuni magamba hakuna. Kila akishuka hata kidogo yule wa njano anatoka pangoni kama risasi. Dada ananiambia, "Si wanacheza tu, fundi?" Hapana dada yangu, samaki aliyejibana juu nyuma ya hita hachezi, anakufa taratibu. Tulimtoa akakaa kwenye ndoo yenye kipampu cha hewa, akapona, ila wengi huwa nafika wameshaelea.

Hesabu yangu mimi ni hii: dume mmoja kwa majike wanne, wakipungua sana watatu. Na tangi lijae kiasi. Najua inasikika kinyume, watu wanasema samaki wachache ndo amani, lakini kwa mbuna wachache ndo vita, kwa sababu hasira ya dume inaangukia mmoja. Wakiwa kumi na tano au ishirini wadogo kwenye tangi la sentimita 120, lita kama 240 hivi, anamfukuza huyu sekunde mbili anakatizwa na yule, hakuna anayebeba mzigo wote. Demasoni, aina nyingine ya mbuna, ndo usiseme, hao nunua kumi na mbili kwenda juu au acha kabisa. Af jike akiwa na mayai mdomoni utamjua, koo limevimba, mdomo anautafunatafuna polepole, chakula kinapita mbele yake hagusi, na atakaa hivo kama wiki tatu. Jike mwenye njaa ya wiki tatu anayefukuzwa peke yake hafiki mwisho.

Ila kujaza samaki kuna gharama yake, filta iwe kubwa kuliko ulivyopanga na maji ubadilishe theluthi mpaka nusu kila wiki, dawa ya kuondoa klorini usisahau kama unatumia maji ya bomba. Kama huwezi hilo, usifuge mbuna, fuga samaki wengine.

Kuna mjuaji ataniambia mbona sikilidi wa Ziwa Tanganyika wanaishi jozi. Ni kweli, wapo kama julidokromisi wanaoshika jozi, lakini jozi wanajichagulia wenyewe. Unanunua wadogo sita, unasubiri, wawili wakishapatana hao wengine unawatoa. Hauendi dukani ukaonyesha kidole ukasema huyu na huyu waoane.

Na kuna maneno mengine ninayoambiwa kila siku, nayajibu moja moja.

"Mwenye madoa ya njano pezi la nyuma kwa chini ni dume." Sio lazima. Majike wengi wanayo pia, ya dume tu huwa yanawaka zaidi. Ndo maana nasema nunua wadogo wengi wa aina moja, wakikua utoe madume ya ziada.

"Wote wa Afrika, wataelewana." Trofeusi, sikilidi wa Ziwa Tanganyika kule Kigoma, anakwangua mwani kwenye mawe siku nzima, utumbo wake ni mrefu, ukimlisha minofu na dagaa ili kumfurahisha frontosa, sikilidi mla samaki uliyemweka naye, tumbo linavimba, choo kinaning'inia cheupe kama uzi, na hapo kumwokoa ni kazi kubwa. Mbuna nao vilevile, chakula chao kiwe cha mimea zaidi. Na oska, sikilidi mwingine mnayemchanganya nao, wala sio wa Afrika, ni wa Amazoni huko Amerika Kusini.

"Changanya rangi upendavyo." Dume anampiga zaidi anayefanana naye. Demasoni na dume la saulosi, mbuna mwingine, wote ni bluu yenye mistari ya kusimama, usiwaweke pamoja. Labidokromisi wa njano na demasoni, sawa, hiyo naipenda sana na ndo naanzishia watu. Auratusi na kenyi kwa anayeanza, hapana, hata unilipe mara mbili.

"Samaki anakua kulingana na tangi." Huyu anayedumaa tangini anaumwa. Frontosa wa vidole viwili dukani anafika sentimita 30, na usiku ukishazima taa anameza wadogo waliolala, kama anavyofanya ziwani.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza samaki gani, nitumie urefu wa tangi kwa sentimita, niambie maji unatoa kisimani au bombani, na wangapi wapo humo tayari.