Nani Hupata Geti la Karibu?

Kwa miaka mingi wasafiri wa Arusha na Moshi wameambizana kuwa shirika la ndege lenye fedha nyingi ndilo hupewa geti la karibu, yaani mlango wa uwanjani wa kutokea kwenda kwenye ndege, na kwamba anayetembezwa mbali amekata tiketi ya shirika dhaifu. Imani hiyo si sahihi, nayo inawaonea watu wanaofanya kazi ya kupanga mageti kwa uangalifu mkubwa.

Katika viwanja vingi geti ni la matumizi ya pamoja, na mpangaji huanza na umbo la ndege yenyewe: Boeing 787-9 ina mabawa yenye upana wa takribani mita 60, ilhali ATR 72 haifiki hata nusu yake, hivyo nafasi inayoitosha ndogo haiwezi kuipokea kubwa. Baada ya hapo hutazamwa ratiba, muda wa ndege kukaa chini, na iwapo abiria wanahitaji kupita uhamiaji na forodha. Ndege moja ikichelewa, nyingine husogezwa, na ndipo tangazo la kubadilisha geti linaposikika.

Ni kweli kwamba Marekani mashirika hukodi mageti kwa mikataba ya muda mrefu. Hata hivyo, katika uwanja wa O'Hare, Chicago, mkataba wa mwaka 2018 unaruhusu mageti kugawanywa upya kulingana na matumizi.

Hapa KIA, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, abiria wa shirika kubwa na wa shirika dogo hutoka mlangoni na kutembea juu ya lami ileile hadi kwenye ngazi ya ndege.