Askari aliyekataa kugusa dirisha lako hakukosea

Malalamiko ya namna moja yamezidi mezani kwetu, na mengi huanza na maneno yaleyale: "Polisi walikuja, wakatazama, wakaondoka bila kufanya kitu." Duka limevunjwa usiku. Mwenye duka amepiga simu kituoni, konstebo wawili wamefika, wamefunga kamba mlangoni na kukataa kugusa chochote. Anawaonyesha alama za vidole kwenye kioo cha dirisha, zinaonekana kwa macho kabisa. Wao wanasema wanamsubiri mtu wa kutoka wilayani. Saa mbili, saa tatu zinapita. Mwenye duka anaamua kuwa hao ni wavivu, au wanangoja kitu kidogo.

Mimi hufundisha maafisa wa upelelezi wa polisi ya Uganda, na jibu langu kwa mwenye duka ni hili: konstebo wale walifanya kazi yao. Kama wangekichukua kile kioo kwa mikono yao na kukitia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ili wakuridhishe, hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kulalamika.

Raia wengi huhesabu cheo. Wakiona mistari ya sajenti mkononi au nyota begani wanaamini wamempata anayeweza yote. Cheo kinasema nani anamwamuru nani. Hakisemi nani anajua kuinua alama ya kidole kwenye kioo bila kuiharibu. Askari wengi wamepitia mafunzo ya msingi Kabalye, Masindi: sheria, ukamataji, silaha, gwaride, kuandika maelezo ya shahidi. Akitoka pale ni polisi kamili. Utaalamu ni njia nyingine, yenye kozi zake, mitihani yake na cheti chake: maafisa wa eneo la tukio tunaowaita SOCO, watu wa alama za vidole, wa risasi na silaha, wa maandishi yenye utata, wa simu na kompyuta, askari wa mbwa, wakaguzi wa magari. Hata Bwebajja, kwenye chuo cha juu cha ukamanda, mtu anafundishwa kuongoza. Hatoki pale akiwa mtaalamu wa risasi. Kwa hiyo kamanda wa polisi wa wilaya akisimama nyuma ya kamba na kumwacha koplo wa SOCO aingie kwanza, amejua mpaka wake. Hajadharauliwa na mtu.

Sheria ya Ushahidi ndiyo inayotufunga. Mahakama haisikilizi maoni ya kila mtu. Inasikiliza maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu katika sayansi au sanaa, au katika kutambua mwandiko na alama za vidole. Mtaalamu anapopanda kizimbani, wakili wa upande wa pili haanzi na kioo. Anaanza na yeye. Ulisomea wapi? Kwa muda gani? Umeandika ripoti ngapi? Umewahi kukosea? Njia uliyotumia ni ipi, na kwa nini si nyingine? Kielelezo ulikipokea kutoka kwa nani, saa ngapi, kikiwa kimefungwa namna gani? Cheti humfikisha mlangoni tu, halafu ujuzi wenyewe unapimwa pale, mbele ya hakimu, kwa maswali makali. Asiye na cheti wala uzoefu huanguka kwenye swali la kwanza, na kesi yako huanguka naye.

Niliwahi kukaa mahakamani nikaiona kesi ya mauaji ikifia mikononi mwetu wenyewe. Panga liliokotwa kwenye nyasi na askari mwenye nia njema, akalifunga kwa gazeti kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Lilipita mikono minne hadi kufika maabara, na kwenye kumbukumbu iliandikwa mikono miwili tu. Wakili aliuliza hiyo mingine miwili ilikuwa ya nani. Hakuna aliyejibu. Mama wa marehemu alikuwa kwenye benchi la mbele, na mpaka leo sijapata namna ya kumweleza kwamba panga lilikuwa lilelile, ila sisi tulishindwa kulithibitisha. Kila kundi jipya la wanafunzi nalianzishia hapo.

Suala la mbwa linatuletea maneno mengi kuliko yote. Watu wanampenda mbwa wa polisi, na wanamwamini kupita kiasi. Akitoka eneo la wizi akaenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa jirani, kijiji kizima kimeshahukumu. Wengine wamepiga watu na kuchoma nyumba kwa sababu hiyo, na huo ni uhalifu wenye kesi yake. Mahakama za Afrika Mashariki zimelionya jambo hili tangu zamani. Katika kesi ya Omondi ya mwaka 1967, majaji walisema ushahidi wa mbwa upokelewe kwa tahadhari: kwanza mahakama ielezwe mbwa alifunzwa vipi na anaaminika kiasi gani, na kusema tu kwamba amewahi kukamatisha watu elfu moja hakutoshi. Mpaka leo mawakili hutushika hapo. Mbwa hasemi, kwa hiyo anayepanda kizimbani ni askari wake, naye lazima aonyeshe mafunzo yake mwenyewe, mafunzo ya mbwa huyo, na muda waliofanya kazi pamoja. Askari mwingine hawezi kuazima mbwa kwa siku moja kwa sababu mwenzake yuko likizo. Halafu lazima uwepo ushahidi mwingine wa kuunga mkono: mali iliyoibiwa, shahidi aliyeona, alama ya kiatu.

Naomba jambo hili lisikilizwe. Mbwa anafuata harufu, na harufu inakufa haraka. Inakufa kwa jua, kwa mvua, na zaidi ya yote kwa miguu ya watu. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, anapoita kijiji kizima kije kuona, kila mguu unaofika unaifuta. Tunapokuta watu mia uani, wengine wamekaa kitandani ndani ya chumba kilichovunjwa kufuli, kisha tunaulizwa kwa nini mbwa amezunguka tu na kulala, hatuna la kufanya. Mwenyekiti azuie watu njiani, mbali na mlango. Msifagie. Msioshe damu. Msikusanye vitu "ili visiibwe". Simu iliyodondoshwa na mwizi msiiwashe, wala msiizime, wala msiangalie imepigiwa nani.

Kwenye ajali za barabarani mkanganyiko ni mdogo lakini upo. Askari wa trafiki huchora ramani ya ajali, hupima umbali na kuandika mashahidi. Kama breki zilikufa au la, hilo atalisema mkaguzi wa magari baada ya kulikagua gari lenyewe. Dereva anayemshikilia askari wa trafiki aandike "breki zilifeli" anamwomba aandike asichokijua.

Kuna mahali ambapo cheo kina nguvu ya kisheria, na hapa raia hukosea kwa upande wa pili. Ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi halitumiki dhidi yake isipokuwa limetolewa mbele ya afisa mwenye cheo cha Mkaguzi Msaidizi wa Polisi au zaidi, au mbele ya hakimu. Konstebo akimsikia mtuhumiwa akisema "ni mimi" ndani ya pikapu, haitoshi, hata kama abiria wote walisikia. Afisa anayeandika maelezo ya onyo naye hufundishwa kazi hiyo: amwambie mtuhumiwa haki yake ya kunyamaza, aandike kwa lugha ambayo mtuhumiwa anaizungumza, kisha tafsiri ya Kiingereza iandikwe kando. Kama mtuhumiwa amezungumza Kiswahili, maelezo ya kwanza ni ya Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya kambini tangu zamani, na Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini mtu kujua amri za gwaride hakumfanyi aweze kuandika ungamo la mauaji kwa Kiswahili kinachosomeka mahakamani. Nasema hivi kwa maafisa wenzangu pia.

Wanaodhani kiboko kinafupisha kazi wajue sheria inasema nini. Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Utesaji ya mwaka 2012 inaweka kifungo cha hadi miaka 15, au faini ya hadi pointi 360 za sarafu, kila pointi ikiwa shilingi 20,000, yaani shilingi milioni 7.2, au vyote viwili. Utesaji uliokithiri ni kifungo cha maisha. Kusema "niliamriwa na mkubwa" si utetezi. Maelezo yaliyopatikana kwa kutesa hayapokelewi. Chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 afisa huwajibika yeye binafsi, na kesi iliyojengwa juu ya mateso inaweza kufutwa yote, mshtakiwa akaachiwa. Kwa hiyo raia anayetuambia "mpigeni kidogo atasema" anatuomba tumwachie mwizi wake.

Ripoti za maabara hazikamiliki kwa siku mbili, na Katiba inatupa saa 48 kumfikisha mtu mahakamani. Vinasaba hupelekwa maabara ya serikali Wandegeya, alama za vidole na risasi kwa wataalamu wetu wa Naguru. Ndiyo maana unaweza kumwona mtuhumiwa mtaani akiwa na bondi, yaani dhamana ya polisi, huku uchunguzi ukiendelea. Bondi si hukumu, na haiuzwi. Fomu ya polisi namba 3 kwa majeruhi, na 3A kwa aliyebakwa au kunajisiwa, nazo hazilipiwi. Sehemu ya uchunguzi wa kitabibu hujazwa na mtu wa afya, si na askari, kwa hiyo mpelekeni mgonjwa hospitali kwanza kabla hajaoga wala kubadilisha nguo. Fomu itamfuata.

Mbwa, SOCO na mkaguzi hawana bei ya kuja kwako. Najua mafuta ya gari huombwa. Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya mwaka 2009 inamshika anayepokea rushwa na anayetoa, wote wawili: kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi pointi 240, au vyote. Ukiombwa hela, usitoe. Andika jina la aliyekuomba na saa.

Na kwa maafisa wanaotuletea vyeti vya semina ya siku tatu hotelini wakitaka kuingizwa kwenye orodha ya wataalamu: cheti cha kuhudhuria ni cha kuhudhuria. Anayekwenda mbali zaidi akabuni cheti, kughushi hati rasmi ni kifungo cha hadi miaka 10, na kukitumia ukijua ni cha uongo kunabeba adhabu ileile. Juu ya hayo, kila kesi aliyoitolea ushahidi inaweza kufunguka upya.

Raia ana haki ya kuuliza. Muulize anayeingia kwenye eneo la tukio jina lake, kitengo chake na kama amefundishwa kazi hiyo. Afisa aliyefundishwa hakasiriki kwa swali hilo, kwa kuwa ataulizwa lilelile mahakamani. Ukiona kielelezo kinabebwa mkononi bila glovu, bila mfuko, bila kuandikwa, sema palepale, kwa heshima, "Afande, hiki hakijaandikwa."

Ukiwa na lalamiko, Sheria ya Polisi inakuruhusu kulipeleka kwa Inspekta Jenerali, kwa kamanda wa wilaya au kituo cha karibu. Liwe la maandishi, likiwa na jina lako na anwani yako. Taja tarehe, jina la askari au namba yake, na namba ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, uliyopewa siku ile uliporipoti. Kama kesi imeshafunguliwa, weka na namba ya CRB, yaani ya kitabu cha kesi za jinai. Barua nyingi tunazopokea hazina namba hizo, na inatubidi tuanze kwa kutafuta kitabu, kisha ukurasa, kabla hatujajua hata ni kituo gani.